Hukumu Yangu Kuhusu Mchezo wa Nzige wa Chuma

Bulapesa,
Isiolo.
21 Julai 2024.

Mpendwa binti yetu Khadra,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo Ganya na mtoto. Je, ule mgongo uliokusumbua baada ya kujifungua umepata nafuu? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua ya masika ilinyesha hadi Sericho na maziwa bado yapo. Mama yako Sadiya ameiona picha yako na anasema umekonda. Ninakufikishia tu, mimi simo.

Uliniomba niupime ule mchezo wa kompyuta kabla hujaununua. Ulisema mama yako atausifu ili kukufurahisha, na baba yako ataukataa ili kukupunguzia gharama, kwa hiyo hukumu itoke kwangu, baba yako mdogo. Ulichagua vyema. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote na sijampa mtu alama asiyoistahili, hata ndugu yangu.

Tangu kiharusi kilipompata baba yako, tatizo halikuwa kutembea wala kusema. Tatizo lilikuwa mkono wa kulia. Wewe umelelewa katika nyumba ya dalali, lakini mweleze Ganya, maana yeye amekulia huko mbali. Sokoni kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mwenye mnyama hushikana mikono chini ya shuka, na kila kidole kinachobanwa kina thamani yake. Watu waliosimama kando hawaoni chochote. Kidole kikikosea, bei imekosewa.

Mara ya mwisho baba yako Kuno alipoingia sokoni, kabla hujatuma ule ubao wa kuchezea ili azoeze vidole, alimshika mkono Robow, yule mfugaji wa Sericho. Vidole vyake vilibana vyote kwa pamoja, kama mtu anayeshika kamba. Robow ni mtu wa heshima. Aliutoa mkono wake taratibu, akaitamka bei kwa sauti ili kumsaidia mzee. Alikusudia wema, lakini soko lote lilisikia. Kuno alirudi nyumbani, akaitundika fimbo yake ukutani, na hakwenda tena. Hayo hatukukwambia kwenye simu.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Tuliipakua ile sehemu ya majaribio isiyolipiwa. Chombo kidogo hukaa chini ya kioo, na makundi ya nzige wa chuma hushuka kutoka juu. Nzige hao wana rangi nne. Kwenye ule ubao uliotuma, mkono wa kushoto hukiongoza chombo kwa kijiti, na vidole vinne vya mkono wa kulia hukaa kila kimoja juu ya kitufe chake. Kila rangi hupigwa kwa kitufe chake. Ukikosea kitufe, nzige mmoja hugeuka wawili.

Nilianza mimi, kwa kuwa mpimaji hutangulia. Nilikuwa bado ninasoma maelezo niliposhambuliwa. Baba yako alicheka hadi akakohoa. “Mwalimu,” akaniambia, “hawa hawangoji usahihishe! Piga!”

Yeye alipojaribu, ilikuwa huzuni. Vidole viliangukia vitufe vyote, nzige wakajaa kioo kizima. Akausukuma ubao. “Mwambie Khadra nimeshukuru. Ampe mtoto wake achezee.” Hapo nilikuwa tayari kukuandikia kwamba usinunue.

Baada ya siku chache nilifika kwao na kumkuta ameketi mbele ya kioo, ubao u mapajani, na juu ya mikono yote miwili amefunika shuka lake. Nzige walikuwa wakianguka kama mtama unaopurwa. Sikuamini. Nilijua jambo moja tu: mtahiniwa anayeficha mikono anaficha kitu. Nilidhani mkono wa kushoto unaacha kijiti na kuufanyia wa kulia kazi yake.

“Ndugu yangu,” nikamwambia, “huo ni udanganyifu. Fungua.”

“Toka hapa, polisi wa shule! Utaniulia chombo.”

Nililifunua shuka mwenyewe. Khadra, mkono wa kushoto ulikuwa kwenye kijiti, mahali pake. Na ule wa kulia ulikuwa ukibonyeza kidole kimoja kimoja: cha shahada, cha kati, cha pete, hata kile kidogo ambacho mtaalamu wa mazoezi alikuwa amekikatia tamaa. Chombo kilikufa kwa sababu yangu, nami nilitukanwa kwa Kiborana ambacho sitakiandika.

Mama yako ndiye aliyenieleza. Alisema vidole vya Kuno vimefanya kazi gizani maisha yake yote, na vikitazamwa vinaona haya. Basi vikafunikwa, vikakumbuka.

Alhamisi iliyopita aliitungua fimbo, akaniambia nimsindikize sokoni. Gichunge, mwenye bucha, alikuwa akitafuta fahali, naye Robow alikuwa ameleta mmoja mwekundu mwenye nundu nzuri. Kuno alimwambia Gichunge asimame kando. Kisha akamnyooshea Robow mkono wa kulia. Robow alinitazama mimi kwanza, kama anayeuliza ruhusa. Nilitazama fahali. Akaupokea mkono, na shuka likaifunika mikono yao.

Walibanana vidole muda mrefu. Watu walisogea, maana walikumbuka yale ya kwanza. Robow alitikisa kichwa, baba yako naye akatikisa chake. Ghafla Robow akaruka. “Ya Allah! Mzee, punguza, utanivunja kidole!”

“Basi punguza wewe kwanza,” Kuno akajibu.

Soko zima lilipasuka kwa kicheko. Bei ikafungwa papo hapo, na hakuna aliyeijua isipokuwa wao wawili, na baadaye Gichunge, ambaye alilipa huku akitabasamu. Mimi si mtu wa kelele, lakini siku hiyo nilipiga makofi hadi kofia ikaanguka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Muziki wake ni kelele tupu, tumeuzima. Hadithi yake haina kichwa wala miguu. Yule nzige mkubwa wa mwisho ana ujanja usio wa haki. Lakini mchezo hauna damu, haukatizwi na matangazo, hauhitaji mtandao ukishapakuliwa, na ukishindwa unajua umekosea wapi. Mitihani mingi niliyoisimamia haikuwa na sifa hiyo. Unastahili kununuliwa.

Ila usiununue kama dawa. Baba yako yuko sokoni tena, na dawa hataki kuisikia. Ununue kama mchezo, kwa sababu ni mchezo mzuri, na kwa sababu katika sehemu hii ya majaribio amenishinda kila mara, nami nahitaji uwanja mpana zaidi wa kumrudi.

Msalimie sana Ganya, na mbusu mtoto kwa niaba yetu. Mama yako anakusalimu, na ndugu yako Ado pia. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi, nikupendaye bila kukupunguzia ukweli,
Baba yako mdogo,
Mwalimu Kanchoro.