Baba Anasubiri Neno Lako

Cloonaderra,
Kaunti ya Clare,
Ayalandi.
2 Oktoba 1997

Mpendwa dada Dearbhla,

Kwanza uniwie radhi. Barua yako ya Pasaka imekaa juu ya kabati la vyombo miezi sita, na kila nikishika kalamu kuna mtu analia. Nilijifungua tena Juni, mtoto wa kiume, tumemwita Éanna. Mwandiko ukipinda usishangae, naandika naye begani.

U hali gani? Mgongo umepona? Huko Perth joto limeshaanza? Sisi hatujambo. Mama, tangu apasuliwe jicho, anasoma matangazo ya vifo gazetini bila miwani, na anatusomea wote tupende tusipende.

Agosti tulichukua kombe la kaunti. Miaka ishirini na sita Baba anawafundisha wasichana kukimbiza mpira kwa fimbo za kamogi, na hatimaye wamelileta nyumbani. Watu waliwasha mioto kando ya barabara kuwapokea, mpaka kwenye njia panda ya kiwanda cha maziwa. Nilisimama pale na mtoto nikatukumbuka sisi: fimbo kumi na tano zikigongana nyuma ya gari, jezi zikikauka juu ya jiko, harufu ya matope na dawa ya kuchua, na Baba akitukatia machungwa kwa kisu kilekile cha kukatia kamba za marobota ya nyasi. Wewe ulikuwa ukila yako na yangu.

Sasa sikia. Kila mwaka kule Dublin hutolewa tuzo kwa mameneja na makocha wa michezo waliofanya vizuri kuliko wote nchini. Concepta, katibu wa klabu, amemjazia Baba fomu, na kijiji kizima kinamtania. Dukani Concepta alimwambia, "Donncha, kule usije ukavaa kile kizibao chako cha umeneja juu ya suti." Baba akamjibu, "Nikikivua watanijuaje? Watanituma nikawaletee supu."

Lakini fomu bado iko mezani kwangu, hajaisaini. Inatakiwa barua ya mchezaji aliyewahi kuwa nahodha wake. Manahodha wapo, wote wamejitolea, yeye amewakataa wote. "Aandike Dearbhla," anasema. "La sivyo msiipeleke."

Najua umekumbuka nini. Fainali ya 1989, zimebaki dakika kumi, wewe ndiye nahodha, umeshafunga pointi tano, na Baba anakuita utoke. Tukashindwa kwa pointi moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, nikakuletea koti, ukalitupa kwenye majani. Januari ukapanda ndege kwenda Australia.

Wiki iliyopita alikuwa jikoni kwangu anamenya viazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Nilimtoa kwa sababu ya midomo ya watu. Walikuwa nyuma yangu pale kwenye uzio, wanasema kocha Hehir anambeba binti yake. Na uwanja mzima hakukuwa na msichana aliyemfikia." Nikamuuliza kama amewahi kukwambia hayo. "Nilidhani anajua," akasema. Akaendelea kumenya, akamenya viazi vya kutosha harusi.

Miaka minane, Dearbhla. Nimemkaripia yeye na wewe nakukaripia, maana kila Krismasi mnapigiana simu kuulizana mvua na jua. Sikuombi umsifu, wala umsamehe kwa ajili ya tuzo. Andika ukweli, na hiyo fainali uiandike. Amesema hata ikiwa mbaya ataisaini fomu na barua yako itakwenda kama ilivyo. Tuzo akiikosa atakunywa chai yake alale. Neno lako akilikosa, sijui. Magoti yamemwishia, na huu ndio msimu wake wa mwisho.

Nimekukumbuka sana. Ukuta wa ghala bado una madoa ya mpira wako. Huyu mume wangu Fintan alitaka kuupaka chokaa, nikamwambia apake kwao.

Mama anakusalimu, na Fintan, na Bláthnaid wangu ambaye ana miaka mitatu na anaamini Perth ni nyuma ya kanisa. Nisalimie shemeji Craig. Mungu akufunike huko uliko, na Mama Maria asikuache njiani.

Ni mimi mdogo wako, niliyechoka na yote isipokuwa kukupenda,

Muireann

Vya kutuma, vinifikie kabla ya tarehe 7 Novemba: barua ya ukurasa mmoja, yenye sahihi yako na mwaka ambao ulikuwa nahodha, picha ya timu ya 1989 uliyoondoka nayo, maana Concepta hana nyingine, na namba ya simu, pamoja na saa ya Jumapili ambayo utapokea wewe mwenyewe, si mashine, kwa sababu Baba anataka kupiga.