Maharagwe Kwenye Meza ya Mwalimu

Ijumaa. Upepo mkali, na vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani limeingia mpaka kwenye uji.

Bado nashangaa. Sijui nianzie wapi.

Juzi mzee wa kanisa alikuja shuleni kulalamika kwamba vijana wanakunywa pombe, na kwamba wanaowafundisha kunywa ni wahuni wa stesheni. Mwalimu wetu akauliza nani kati yetu amewahi kuonja. Hakuna aliyeinua mkono.

Hata mimi sikuinua.

Leo mwalimu amekuja na chungu. Kila mtu akapewa punje ya mahindi, haragwe na njugu. Ambaye hajaonja atie mahindi. Aliyeonjea nyumbani, haragwe. Aliyeonjea kwingine, njugu. Mkono uingie umefumbwa, na zinazobaki tuzitupe kwa gunia vivyo hivyo. Otieno, ambaye hawezi kunyamaza, akasema, "Mwalimu, githeri hii ya mahindi na maharagwe inakosa chumvi tu." Tukacheka. Mimi nilicheka kwa woga.

Maana mama anapika pombe ya busaa humu chumbani kwetu, kwenye kota za reli. Ndiyo inalipa karo yangu. Tangu nikiwa mdogo, mimi ndiye naonja kumwambia kama imeiva, na siku hizi kikombe kimoja hakinitoshi. Askari wakijua, tumekwisha. Kutia haragwe niliona ni kama kumtaja mama.

Nikatia haragwe.

Mwalimu alipomwaga chungu mezani, darasa lote liliinuka kutazama. Mahindi yalikuwa machache. Njugu ilibidi uzitafute. Zilizobaki zote, nyekundu, zikiteleza mpaka ukingoni, zilikuwa maharagwe.

Na mimi miaka yote nilidhani niko peke yangu.

Hata Otieno alikuwa akiyahesabu kwa kidole. Mwalimu aliokota haragwe lililoanguka chini, akalirudisha polepole kati ya mengine kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kumbe si stesheni," akasema.

Jioni hii mama amenipa kikombe kama kawaida. "Onja, mwanangu. Imeiva?"

Sijawahi kumkatalia mama kitu. Nikamrudishia kikombe. "Leo onja wewe, mama."

Akakipokea. Halafu akaonja mwenyewe.

"Bado," akasema, akafunika chungu cha busaa.

Sasa nasikia vifuniko vya vyungu vya majirani vikigonga, chumba baada ya chumba. Nani mwingine ameitwa aonje, na amejibu nini?