Wimbo wa Kisimani kwa Kijerumani

Garissa, 14 Februari 1966

Abti Sharifo, binti wa dada yangu,

Assalaam aleikum. Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya askari atakayefungua bahasha hii (ndiyo maana naandika Kiswahili, asipate taabu; na ajue kwamba abti ni jina tunaloitana mjomba na mpwa), kwamba leo baada ya adhuhuri mimi Ogle Salat, mkalimani wa ofisi, nimemaliza sura ya tatu ya kitabu cha Kijerumani. Mengine ni mazima. Mama yako hajambo, joto pia halijambo.

Umeandika kwamba vijineno vinakushinda, na kwamba ukianguka mtihani wa Juni hospitali ya huko Ujerumani itakurudisha nyumbani. Ugonjwa nimeuona. Mimi na wewe tulipitia Kiingereza, na Kiingereza ni lugha ya mvivu: daktari ni daktari, uwe naye au uwe dhidi yake. Mjerumani hana mchezo huo. Durch, für, gegen, ohne, um: kimoja kikipita tu, kila jina la kiume lililo nyuma yake hubadilisha kofia, der ikawa den, kama makarani akija D.C. mpya.

Dawa ninayo. Baba yako Kerrow alikuja mjini kuuza dume la ngamia, nikamfundisha vile vitano aviweke katika wimbo wa kunyweshea ngamia. Unaukumbuka: aliye ndani ya kisima huita, walio juu hupokea ndoo na kujibu. Anasema vinaingia vizuri, hasa gegen. Ngamia akikisikia huinua kichwa. Imba hivyo ukipiga deki. Hutasahau.

Abti wako,
Ogle

Köln, 9 Machi 1966

Abti Ogle,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mama na baba wanalala salama?

Naimba. Wodini naita mwenyewe na kujibu mwenyewe. Kuna bibi mmoja mgonjwa wa nyonga ameshika sehemu ya kujibu. Anadhani ni wimbo wa kwetu, wala sijamwambia kwamba ni sarufi yake. Vile vitano vimekaa. Sasa napigana na aus, bei na mit, ambavyo vina kofia yao nyingine kabisa.

Baba anafika kisimani bila matatizo? Redio ya hapa ilisema kwenu kuna vita, halafu ikaleta mpira.

Abti wako,
Sharifo

Garissa, 21 Aprili 1966

Abti,

Salamu nyingi. Mama yako mzima, yuko kwangu. Baba yako nilimwona kwa macho yangu, anapumua. Sasa keti.

Doria ilimkuta yeye na wenzake kisimani, upande wa Habaswein. Wanaume wanaitana kwa lugha ambayo si Kisomali, si Kiarabu. Wakaletwa wote hapa Garissa. Na kwa kuwa mkalimani wa ofisi ni mimi, nikaitwa nitafsiri wimbo.

Nikasema kweli, ni Kijerumani. Afisa akajibu kwamba Wajerumani ndio wanaowafunza polisi wa Mogadishu, na Mogadishu ndiko zinakotoka silaha za waasi. Akataka maana. Nikampa: kupitia, kwa ajili ya, dhidi ya, bila, kuzunguka. Akaandika yote, kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kupitia wapi? Dhidi ya nani? Kuzunguka nini?"

"Afande," nikasema, "kitabu kinaishia hapo."

Hakucheka. Nilipokileta kitabu chenyewe kikawa kosa la pili. Wenzake Kerrow wameachiliwa, maana wao walikuwa wanajibu tu. Yeye ndiye aliyekuwa anaita. Sasa wanazungumzia kumpeleka mbali, mahali ambapo watu hawaandikiwi barua.

Mwombe mwalimu wako wa Kijerumani aandike kwamba haya ni masomo. Apige muhuri. Huku muhuri una nguvu kuliko kiapo. Nawe askari unayesoma, hapa sijaongeza kitu. Ulikuwa umesimama mlangoni.

Abti wako,
Ogle

Köln, 4 Mei 1966

Abti,

Salamu sijui nizianzie wapi. Mwalimu alicheka nilipoanza kumweleza. Nilipomaliza alikuwa amekwisha kuvaa koti, anakwenda kutafuta muhuri. Barua yake naituma peke yake, kwa rejista.

Usinifiche: wanampiga? Nikirudi sasa hivi, nikasimama mbele ya huyo afisa nikamweleza, atamwachilia? Mtihani nauacha.

Sharifo

Garissa, 19 Mei 1966

Abti,

Salamu. Ukirudi watakuwa na waimbaji wawili. Kaa hapo hapo. Fanya mtihani. Barua ya mwalimu haijafika.

Ogle

Köln, 2 Julai 1966

Abti Ogle,

Assalaam aleikum. Natumai mpo wazima. Nimefaulu, nabaki. Vile vitano havikuulizwa hata kimoja.

Nimekuandikia mara nyingi, hujibu. Kama baba amekufa, sema amekufa. Neno moja linatosha, nami nitajua kwamba ni wewe.

Sharifo

Garissa, 18 Septemba 1966

Abti Sharifo,

Waaleikum salaam. Niwie radhi, barua zangu zilikuwa zimezuiwa. Mama yako mzima. Baba yako yu hai.

Barua ya mwalimu ilifika mwisho wa Mei, nzuri, ina mihuri miwili. Iliandikwa kwa Kijerumani, basi nikaitwa niitafsiri. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani mwingine hapa Garissa anayeweza kuthibitisha kwamba sikuitunga. Hakuna. Barua ikawekwa kando, nami nikasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Kilichomtoa baba yako ni kingine. Afisa alihamishwa, na huyu mpya anataka watu wajae katika kijiji cha ulinzi, kambi wanamokusanywa wafugaji, kule Habaswein kuliko kujaa mahabusu. Kerrow akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine. Nilipata kibali nikaenda kumwona. Amekonda, bega la kushoto halinyanyuki. Uliuliza, nimekujibu.

Nilimsomea habari ya mtihani. Akauliza kama wametoa cheti. Nikasema nadhani. Akaita vyote vitano, durch mpaka um, kwa sauti ya ndani ya kisima, pale pale penye uzio wa miiba. Nikajibu mimi. Askari wa lango alitutazama, akarudi kwenye chai yake.

Ngamia walichukuliwa siku ile ile ya doria, pale kisimani. Hawajarudishwa.

Abti wako,
Ogle