Koti Namba Saba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa. Kazini huitwa Mama Hamira.
Umri: miaka 41.
Kazi: mpishi wa mikate.
Makazi: nyumbani kwa shemeji yake, nyuma ya soko.
Kuhusu: rufaa ya mwisho ya mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa, anayejulikana kama Moshi.

Mimi ni mjane wa marehemu mtunza stoo wa kiwanda cha mikate, aliyeuawa kwa kisu miaka sita iliyopita. Nimeitwa hapa nieleze kama familia ina pingamizi Moshi akipunguziwa adhabu. Njiani shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliniambia, "Sema familia haijasamehe, tuondoke." Mpaka Jumapili iliyopita ningesema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Nimemchukia Moshi kwa moyo wangu wote na sioni haya kulisema.

Jikoni tulikuwa wanne: marehemu, Moshi wa tanuri, shemeji yangu wa kukanda unga, na mimi. Mwenye kiwanda alitushonea makoti meupe yenye namba mgongoni, kila mtu na yake. Yeye mwenyewe jikoni alikuwa mgeni, akichungulia tu mlangoni asije akachafuka unga. Sisi namba hatukuzifuata. Mimi ndiye niliyefua makoti na kuyaanika kwenye waya juu ya tanuri, na aliyefika kwanza nilimpa lililokauka.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa nne mwaka ule mvua ilikuwa ya kutwa na makoti yalikuwa majimaji. Mchana shemeji alifika wa kwanza, nikampa namba saba, la Moshi, kwa sababu lilikuwa kavu. Moshi akaja amechelewa, kama kawaida yake, akakuta limebaki langu, namba tatu. Moshi ni pande la mtu. Mikono ya koti iliishia kwenye viwiko na vifungo vilikataa kukutana. Marehemu akamwambia, "Moshi, mke wangu akirudi nyumbani bila koti nitajua pa kulitafuta." Tulicheka mpaka shemeji akaacha kukanda. Mume wangu sikumsikia akicheka tena.

Saa kumi jioni nilikwenda dukani kununua sabuni. Niliporudi watu walikuwa wamejaa mlangoni pa stoo, wakanizuia kuingia. Moshi alikuwa na fulana tu, kama mtu wa tanuri. Koti langu alishalirudisha kwenye waya. Shemeji naye hakuwa na koti, alikuwa analia. Nilidhani amelivua kumfunika kaka yake.

Mahakamani niliulizwa kama mwili ule ulikuwa wa mume wangu. Nikajibu ndiyo, nikaambiwa niende. Nilisikia kwamba Moshi alimuua kwa ajili ya unga uliopotea, nami nikaamini, kwa sababu ugomvi wao wa unga niliusikia kwa masikio yangu.

Jumapili mke wa Moshi alikuja. Sikumkaribisha ndani. Akasema, "Dada, sikuja kumwombea msamaha. Nataka kujua tu, siku ile mume wangu alivaa koti gani?" Nikamuuliza koti limeingiaje hapo. Ndipo akanieleza kwamba mlinzi wa kiwanda hakuona uso, aliona mgongo wa mtu akitoka stoo, una namba saba. Koti hilo lilikutwa na damu kwenye ndoo ya kufulia. Moshi alikana kulivaa. Mwenye kiwanda akasema kila mtu huvaa namba yake, na shemeji yangu akala kiapo kwamba Moshi ndiye aliyelivaa. Rufaa ya kwanza ilitupwa kwa hayo.

Nilimfungia yule mama mlango usoni. Kisha nikakaa chini palepale, nikayahesabu makoti ya siku ile moja moja.

Nikiulizwa na ofisa: Sisemi shemeji ndiye aliyeua. Sikuona. Nasema nilimpa namba saba kwa mikono yangu hii, akaivaa mbele yangu, na Moshi alivaa langu.

Nikiulizwa kama nina ugomvi na shemeji: Sina. Ndiye aliyesimamia mazishi, ndiye anayetulisha, na wanangu wanamwita baba. Mama mkwe atasema nimezika mwanawe mmoja na sasa namchimbia wa pili. Tangu Jumapili bado nakula naye meza moja. Lakini Moshi hana rufaa nyingine baada ya hii, na aliyenyongwa haombwi radhi.

Nina ombi. Watoto wako shuleni, na shemeji ndiye huwachukua. Naomba leo wachukuliwe na mtu mwingine, kabla hajajua nimesema nini.

Nimesomewa maneno haya, ni yangu, na sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Askari wa kike ametumwa shuleni. Aliyemleta shahidi yupo kwenye benchi la nje. Amebisha hodi mara mbili kuuliza kama shemeji yake bado tu.