Mistari Niliyoiruka

Jumamosi, Agosti 1974

Upepo unavuma tangu alfajiri. Vumbi la kijiji hiki kipya limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Mama yuko uwanjani anapura mtama na wenzake. Mimi nimemwambia kichwa kinaniuma, nikabaki ndani.

Kichwa hakiniumi.

Naandika kwa sababu dada Eliwaza amerudi kwa mumewe jana, na mimi ndiye niliyemrudisha. Hakuna anayejua. Mama anadhani maombi yake yamejibiwa.

Tangu nimalize darasa la saba, mwinjilisti amenipa kazi ya kuwasomea akina mama Biblia kila Jumatano. Wengi wao hawajui kusoma. Hata Mama Yona, ambaye hakosi darasa la elimu ya watu wazima, bado anaishia kwenye jina lake. Nasoma kwa Kiswahili, kisha naeleza kwa Kinyiramba. Nikisalimiwa njiani huwa naangalia vidole vyangu vya miguu, lakini nikishika kitabu sauti inatoka. Na wananiamini. Nisichokisoma mimi, kwao hakipo.

Jumatano hii mwinjilisti alinipa habari ya Malkia Vashti. Alikuwa ametia alama mbili kwa penseli: anzia hapa, ishia hapa. Ya kwanza ilikuwa pale malkia anapokataa wito wa mfalme. Ya pili ilikuwa mwisho wa sura, baada ya malkia kuondolewa, inapotangazwa kila mwanamume atawale nyumbani kwake.

"Wako wanaohitaji kulisikia hili," alisema.

Nilijua anamsema dada.

Dada alikuja nyumbani wiki mbili zilizopita, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Mumewe alikuwa na wageni wa pombe. Akamwita aje awaimbie. Mtoto alikuwa na homa, dada akatuma jibu kwamba haji. Kosa lake ni hilo tu.

Mimi husoma sura nzima kabla ya kwenda kuwasomea wengine. Kwa hiyo niliyaona yaliyo juu ya ile alama ya penseli. Niliona kwamba mfalme alikuwa kwenye karamu siku nyingi, na siku ile mvinyo ulikuwa umemchangamsha, ndipo akaagiza mkewe aletwe ili watu wautazame uzuri wake.

Nilijua. Nikaanzia kwenye alama.

Tulikuwa darasani shuleni, maana kanisa bado halijaezekwa. Akina mama walikuwa wametoka kazini na makapi ya mtama kwenye vilemba. Nilipomaliza, Mama Yona alipiga makofi.

"Kumbe hata malkia anaachwa! Na yule hateki maji wala hasenyi kuni. Sisi wenye masizi tutapona?"

Wakacheka. Dada alikuwa karibu na mlango, ananyonyesha. Hakucheka.

Ndipo bibi, mama yake baba, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani alikataa kwa nini? Mtu hakatai bure."

"Haijaandikwa, bibi."

Ni kweli haijaandikwa. Biblia haituambii Vashti aliwaza nini. Lakini bibi alitaka kujua siku ile kulikuwa na nini pale kwa mfalme, na hilo limeandikwa, na kidole changu kilikuwa juu yake. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kudanganya kwa maneno ya kweli.

Mwinjilisti alikuwa amesimama dirishani. Niliogopa macho yake. Natafuta sababu kubwa kuliko hiyo, sina.

Jana asubuhi dada alimfunga mtoto mgongoni. Mama akamfungia unga, uso wake unang'aa. Nilimsindikiza mpaka inapoanza njia ya Kinampanda, anakoishi mumewe, na njia nzima machozi yalinitoka.

"Unalia nini wewe? Nani amekufa?" akanitania. Kisha akaacha kucheka. "Hata malkia, mdogo wangu. Mimi ni nani?"

Nikampa mfuko wake wa unga, akaenda.

Leo nimefungua Biblia tena. Nimesoma juu ya wale wakunga wa Misri ambao Farao aliwaagiza waue watoto wa kiume. Hawakutii, tena walimdanganya, na Mungu akawatendea mema. Nimesoma pia juu ya binti wa Yeftha. Baba yake aliweka nadhiri bila kumuuliza, naye akatii mpaka kufa, na hata jina lake hatukuachiwa. Vashti alikataa, na jina lake tunalo.

Sisemi kila anayekataa ana haki. Nina miaka kumi na sita, ndoa siijui. Lakini kusoma ninakujua, na nilipewa kazi ya kusoma.

Wasiojua kusoma waliazima macho yangu, nami nikayafumba.

Mama ameingia sasa hivi kuchukua maji ya kunywa. Nimemwomba ruhusa niende kumwona dada.

"Mwache dada yako atulie na nyumba yake," amesema. "Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Nimejibu hivyo maisha yangu yote, na kila mara ilikuwa kweli. Leo si kweli. Kesho, wao wakienda ibadani, mimi nitashika njia ya Kinampanda na Biblia ndani ya kanga. Nitamsomea dada sura yote, mumewe awepo asiwepo. Naogopa mpaka mwandiko umeharibika. Huenda dada atanifukuza. Huenda atasema amekwisha kuchagua.

Sawa. Akibaki, abaki kwa neno zima, si kwa nusu niliyompa mimi.