Inchi Mbili za Pindo

Jumatatu, 3 Machi

Nimechelewa tena. Dakika nne! Msimamizi ameweka alama ya pili mbele ya jina langu, kalamu nyekundu, taratibu, bila hata kuinua macho. Akasema ikifika ya tatu nisijisumbue kuingia ukumbini. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo barua ya kunifukuza hahitaji kuiandika.

Nikamwambia basi liliharibika, na si mimi niliyeliharibu. Akajibu kwamba wenzangu ishirini na tisa wamefika. Kweli. Nikaenda kwenye mashine yangu.

Siwezi kuipoteza kazi hii. Miaka kumi na sita nimeshonea sebuleni, cherehani ya miguu, mwezi huu wateja wapo, mwezi ujao hawapo. Sasa nashona sare kwenye ukumbi wenye feni. Mwanangu anawaambia wenzake shuleni kwamba mama yake anafanya kazi kiwandani. Kwa maringo! Nitamwambia nini nikirudi sebuleni?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa miguu. Kilomita saba. Saa moja kasoro dakika mbili nilikuwa mlangoni, na lengelenge kwenye kila kisigino. Mwezi mzima hivi siuwezi.

Itabidi baiskeli. Nimemwambia mdogo wangu – tunamwita Injinia kwa sababu ana jibu la kila kitu, hata la kitu ambacho hakijaharibika. Akanipa yake nijaribu. Gia ishirini na moja! Hakuna hata moja inayoingia ukiitaka. Mnyororo ulichomoka mara tatu kabla sijafika kwenye kona. Nimerudi nikiisukuma, mikono myeusi tii kwa grisi. Mikono hiyo iguse shati jeupe la sare? Thubutu.

Jumatano, 5 Machi

Mpeleka vifurushi anayetuletea nyuzi kazini ana baiskeli nyembamba, haina gia wala mapambo. Nikamuuliza. Akasema kwenye hiyo, pedali na gurudumu la nyuma vimefungwa pamoja. Gurudumu likizunguka, miguu inazunguka. Hakuna kupumzika. Ukitaka kupunguza mwendo, unazizuia pedali kwa miguu. Ni ya bei nafuu kwa sababu haina vitu vingi, na vichache vilivyopo havisumbui.

Saa ya chakula akaniachia niijaribu uani. Wenzangu wote wamejazana madirishani! Nilijua nitaanguka. Wapi! Miguu iliijua. Ni kama cherehani yangu ya nyumbani: mguu ukisimama, kila kitu kinasimama, na ukirudisha nyuma kwa pupa utajuta. Kumbe miaka yote ile sebuleni nilikuwa najifunza baiskeli. Nimecheka peke yangu njia nzima, ingawa visigino vinawaka moto.

Alhamisi, 6 Machi

Dukani ipo moja nyekundu, imewekwa dirishani. Nikauliza bei, nikashukuru, nikatoka. Ni mishahara miwili, na mimi hata wa kwanza bado.

Injinia akapata nyingine kwenye simu. Bei ya kutupa! Muuzaji akatuletea kwenye maegesho ya magari. Haina breki hata moja. Akasema baiskeli za aina hii hazina haja ya breki, breki ni za waoga. Mimi ni mwoga. Halafu kwenye fremu kuna kibandiko cha ndimi za moto, kimekaa upande, hakina mwenzake. Mtu wa nguo akiona kiraka lazima akiguse. Nikakibandua kwa ukucha. Chini yake, ufa! Urefu wa sindano. Muuzaji akasema ni mkwaruzo tu. Injinia akaanza kueleza tabia za chuma, nikamfinya. Tumeondoka. Rahisi ghali, mama husema kila siku. Nilikuwa karibu kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mwenyewe mgonjwa.

Jioni mpeleka vifurushi akanipa namba ya fundi wake. Ana fremu za zamani, anaziunganishia magurudumu na mnyororo, na bei naiweza. Akaniomba kitu kimoja: nipime mguu kwa ndani, kutoka kwenye kinena hadi sakafuni, nimtumie namba ili achague fremu. Nikacheka. Kunifundisha mimi kupima! Dakika moja tu, nimeshatuma: inchi thelathini. Jumamosi itakuwa tayari. Leo roho imetulia.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa miguu. Nimewahi. Nimechoka mno kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Nyeusi, safi, tairi mpya, breki ya mbele – fundi huyu hatoi baiskeli bila breki. Nikapanda. Vidole havigusi chini! Kiti kimeshushwa hadi mwisho na bado naning'inia. Fundi akakunja uso, akatoa karatasi yake. Si nilimtumia thelathini? Ndizo. Basi nikapandisha sauti, nikamwambia labda kazoea kukadiria kwa macho, kupima ni kazi ya watu. Mdomo wangu huu!

Ndani ya nyumba cherehani ilikuwa inalia. Ikanyamaza. Mke wake, ambaye mpaka sasa sijamwona sura, akauliza kwa sauti:

"Huyo dada ni fundi nguo?"

"Ndiyo," fundi akamjibu.

"Basi muulize kama ameacha pindo!"

Jamani. Nimeacha pindo. Inchi mbili, kama kwenye kila suruali niliyoshona maishani: pima mguu, ongeza mbili, andika. Mkono uliandika wenyewe. Mguu wangu ni ishirini na nane. Nimeushonea mguu wangu pindo!

Fundi alicheka mpaka akakalia tairi. Nikamwomba radhi, mara mbili. Halafu machozi yakanilenga, maana Jumatatu ndiyo hiyo. Akaniambia, tulia dada. Magurudumu, mnyororo na breki vinahamia kwenye fremu nyingine, ndogo, ya kijani. Imechubuka rangi, kwa hiyo bei inashuka zaidi. Kesho mchana niifuate. Nilishusha pumzi utadhani niliizuia tangu Jumatatu. Nikiwa natoka, sauti ya ndani ikaniongezea: miguu ya suruali niifunge kwa utepe, nisikunje tu, mnyororo unakula nguo.

Hata kwaheri yangu ilikuwa ya aibu. Lakini njiani nikaanza kucheka, na mpaka naandika hivi sijaacha.

Jumapili, 9 Machi

Ninayo! Inanikaa sawasawa, kama nguo niliyojishonea mwenyewe. Nimezunguka uwanja wa shule mara kumi.

Injinia akasema nimpishe anionyeshe inavyoendeshwa. Alipopata kasi akaacha kupiga pedali, mazoea yake ya gia ishirini na moja. Baiskeli haikuacha. Ikamrusha kwenye nyasi! Mzima, kiwiko tu. Mwanangu kacheka mpaka akapata kwikwi. Mama akasema Injinia wake amehitimu leo.

Jambo moja. Njia ya kazini ina mteremko, ukishapita kituo cha mafuta. Nimekwenda kuutazama. Pale pedali zitakimbia zenyewe na miguu haina hiari. Nikapanda, nikashuka hapo hapo. Naogopa, sijifichi. Kesho nitaisukuma mpaka chini, halafu nipande. Kuna ubaya gani? Muda ninao.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano! Mlinzi alikuwa bado na kikombe cha chai mkononi. Mteremko niliusukuma, kama nilivyopanga. Naandika nikiwa kwenye ngazi za ukumbi. Moyo mweupe. Sikuwahi kudhani nitafurahi hivi kuukuta mlango umefungwa.

Saa moja kamili. Tuko wote uani. Ukumbi bado umefungwa. Ufunguo anao msimamizi, na msimamizi hayupo!

Saa moja na dakika nane. Amempigia mlinzi. Basi limezimika kwenye kituo cha mafuta, juu ya mteremko, kilomita nne kutoka hapa, abiria wote wako barabarani. Kuna aliyeuliza kalamu nyekundu iko wapi leo. Tumecheka, mimi chini chini. Lakini lori la kuchukua sare linafika saa tatu, na mashine thelathini zimelala.

Mlinzi amenipa simu, eti nasubiriwa mimi. Sauti si ile ya Jumatatu iliyopita. "Dada, nasikia umekuja na baiskeli. Tafadhali njoo uchukue ufunguo." Tafadhali! Kisha akaongeza: "Fanya haraka. Lakini usianguke."

Kwenda ni kupanda, hilo naliweza. Kurudi ni mteremko, na leo hakuna muda wa kusukuma. Jirani yangu wa mashine ya pili amepiga magoti, ananifunga utepe kwenye miguu ya suruali. Mafundo mawili kila mguu. Nimebana breki, inashika. Wote wananitazama. Mlinzi ameshafungua geti, anauliza dada naandika nini tena.