Kura Nampa, Binti Simpi

Johannesburg
Jumatatu, 12 Mei 2025

Dada Melania,

Bwana Hasmukh ameshindwa kwa kura kumi na moja. Mwanasheria aliyesimamia uchaguzi alitangaza jana saa kumi alasiri, katika ukumbi wa hekalu huko Lenasia: mia mbili na kumi na nne kwa mia mbili na tatu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishikisha kalamu. Sasa shikamoo, dada. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi za Mei? Sisi huku tu wazima. Lerato anakusalimu. Mwanetu Thabo naye anakusalimu, ila kwa Kizulu. Kiswahili anakisikia lakini hakijibu.

Hasmukh humjui. Ni mwalimu wa hesabu mstaafu, Mhindu, mzaliwa wa hapa Johannesburg kama baba yake. Aligombea uenyekiti wa chama cha hekalu lao. Zamani wazee wa familia tano walikaa, wakanywa chai, wakatoka na jina. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kila mwanachama alipewa karatasi ya kura, wanawake kwa wanaume. Wiki moja kabla waliitisha mdahalo: je, dini yao na zile ngazi za kuzaliwa, huyu wa juu na yule wa chini, vinaweza kukaa nyumba moja na demokrasia? Gazeti letu lilimpa Jelimo, mwandishi mwenzangu kijana, kazi hiyo. Mimi nilifuatana naye kama mkubwa wake.

Mama mmoja mwenye sari ya bluu alisema maandiko anayosoma kila asubuhi yanamwona Mungu ndani ya kila mtu, na waliopanga ngazi ni watu waliotaka kukaa juu. Kijana akamjibu kwamba watu hao walizijenga kwa maandiko hayohayo. Hasmukh alisema serikali ya ubaguzi iliwahamishia wote Lenasia bila kumuuliza mtu ukoo, kisha wao wenyewe, wakishafunga milango, wakaendelea kuulizana. Ndipo muuza vitambaa mmoja akasimama, akasema yeye ni mwanademokrasia kamili: Hasmukh kura atampa, ila binti hampi. Watu walicheka mpaka wakashika viti. Hasmukh naye alicheka, akamwambia asihofu, mke anaye tayari na kwa ugomvi anamtosha.

Nilikukumbuka wewe. Marehemu baba alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama, akatufundisha kwamba binadamu wote ni sawa, na kura ya Jeremia aliipokea kwa mikono miwili. Jeremia alipokuja kukuposa, alimuuliza swali moja tu: ninyi ni wa ukoo gani? Ukoo aliotajiwa aliuona wa chini, na mshenga hakurudi tena.

Baada ya mdahalo Hasmukh alitukaribisha chai, mimi na Jelimo. Kama tufanyavyo kwetu tukitaka kumjua mtu, nikamuuliza kwao ni wapi huko India, na ni ukoo gani. Hapo sikuwa na nia mbaya. Akasema baba wa babu yake alikuwa akichuna ng'ombe waliokufa na kushona viatu kwa ngozi zao, kazi ya watu wa ngazi ya chini kabisa, na wengi mle ukumbini hawalijui hilo. Akaomba tusiliandike kabla ya uchaguzi. Akishinda, atalisema mwenyewe. Nilifunga daftari mbele yake. Kwa mwandishi wa habari hicho ni kiapo.

Jelimo ni Mkenya, ana miaka ishirini na minane. Huja kazini kwa treni kutoka Sandton, na viatu vya raba, na mimi ananiita Mzee. Nikimpunguzia aya huniambia nimkate tu, ila nisimuue. Kazi hii nilimfundisha mimi. Jumatatu iliyopita asubuhi mhariri alisifu makala yake mbele ya wote, akasema itakwenda ukurasa wa kwanza, na kwamba Jelimo anaandika kama Elisante alivyokuwa akiandika zamani. Wote walinitazama. Nikapiga makofi.

Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Halikuwemo. Siri ya Hasmukh aliitunza. Pale pa muuza vitambaa, mimi daftarini nilikuwa nimeandika kwamba watu walicheka. Jelimo aliona kwamba mama mwenye sari ya bluu hakucheka. Mimi sikuona, dada, na nilikuwa nimekaa karibu naye zaidi.

Makala ilitoka Jumanne, na ndani yake sentensi moja kuhusu mchuna ngozi. Tangu siku hiyo Lenasia hawapokei simu za Jelimo. Hasmukh alimwandikia maneno machache tu, kwamba alimkaribisha chai. Jelimo ameapa mbele ya mhariri kwamba hakuiandika. Niliulizwa mimi, niliyekuwa zamu ya kusahihisha, nikasema sikumbuki. Mkataba wake ukivunjwa, kibali chake cha kuishi hapa kinaondoka nao.

Sentensi ile niliiandika mimi. Sikupitiwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa mlangoni, Jeremia alipomjibu baba. Najua jibu la swali lile linafanya nini. Nilitaka kazi ya Jelimo ichafuke, basi. Hasmukh wala sikumfikiria. Watu sita tu wangebaki walipokuwa, angeshinda. Wale sita hawakupewa sababu na kuhani wao. Walipewa na mimi, Mlutheri wa Machame. Na baba angalau aliuliza uso kwa uso, jibu akalichukua kwa jina lake mwenyewe. Mimi nililitia chini ya jina la mtoto wa watu.

Lerato nilimwambia jana. Alisema eish, mwanamume mzima na wivu wa mke mwenza, kisha akaacha kula.

Wasalimie wote wa nyumbani, na usiwafiche barua hii. Kikao cha kuamua mkataba wa Jelimo ni Jumatano, tarehe 14, saa tatu asubuhi. Nimemwomba mhariri aniite kabla ya kikao, nimwambie sentensi ile ni ya nani, naye amekubali kuniona: saa mbili na nusu.

Mdogo wako,
Elisante